Mdomo wa Mkorea, Sauti ya Paris

 Leo nazungumzia sinema, na neno langu nalitoa mapema ili anayetaka kubishana nalo aanze kujiandaa. Katika miaka hii kumi na kitu iliyopita, filamu nyingi zilizo bora kwangu hazikuzungumzwa kwa Kiingereza. Zimezungumzwa kwa Kikorea, Kiwolofu, Kifon, Kitamasheki, Kilingala na, msishangae, kwa Kiswahili. Lakini filamu za mbali zinapofika huku Kivu ya Kaskazini, kama zinafika, mara nyingi zimekwisha kuvuliwa lugha zao na kuvishwa Kifaransa kimoja laini cha studio za Paris. Mwenye nyumba na mpishi wake, mtuhumiwa na hakimu, muuza duka na jambazi, wote wanasema kama msomaji mmoja wa habari. Nasema hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani, na nasema tena kwamba watu wa Butembo na Beni ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kuikubali.

Kwa nini sisi? Kwa sababu mtu wa huku hapiti siku nzima ndani ya lugha moja. Nyumbani ni Kinande. Sokoni ni Kiswahili. Darasani na kwenye karatasi za serikali ni Kifaransa. Kilingala kinatufikia kwa muziki, na kinatufikia pia kwa askari aliyesimama kwenye kizuizi. Ukivuka Kasindi kwenda Mpondwe, unawakuta Wakonzo ambao lugha yao inasikilizana na Kinande, mpaka wa nchi ukabaki kazi ya watu wa forodha. Maisha haya yamelifundisha sikio letu jambo ambalo mtazamaji wa nchi ya lugha moja hulisoma vitabuni: mtu anapobadilisha lugha katikati ya mazungumzo, kuna kitu anakifanya. Anaheshimu, au anatisha, au anapandisha bei, au anawaficha wengine waliokaa pale. Muuzaji aliyekuwa akicheka nawe kwa Kinande akageukia Kifaransa ghafla, hujaambiwa lolote bado lakini umeshajua kwamba punguzo halipo. Filamu ambayo watu wake hubadilisha lugha kwa sababu kama hizo, imetengenezwa kwa ajili ya sikio kama letu.

Chukueni Anatomie d'une chute ya Justine Triet, iliyopata Palme d'Or huko Cannes mwaka 2023. Mume ameanguka kutoka juu ya nyumba yao milimani karibu na Grenoble, amekufa, na mkewe anashtakiwa kwa kumwua. Mke ni Mjerumani. Mume alikuwa Mfaransa. Nyumbani walizungumza Kiingereza, lugha isiyo ya yeyote kati yao. Mahakamani mwanamke huyu, aliyechezwa na Sandra Hüller, anajitahidi kujitetea kwa Kifaransa, anafika mahali pagumu, maneno yanamkwama, naye anaomba kuendelea kwa Kiingereza. Baadaye mahakama inasikilizishwa ugomvi ambao mume aliurekodi kwa siri, na ndani ya ugomvi huo mojawapo ya mashtaka ni hilohilo la lugha: nani amehamia kwa nani, nani amekubali kuishi kwenye uwanja wa mwenzake. Sasa igeuzeni filamu hiyo yote iwe Kifaransa safi. Mwanamke anayehukumiwa katika lugha ya watu wengine anakuwa mwanamke fasaha mwenye majibu makavu, na mtazamaji anaanza kumshuku kwa sababu ambayo mtunzi hakuiweka. Hapo aliyeingiza sauti ameshashiriki katika hukumu.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, ingawa ulipigwa picha mbali, Mauritania. Ni Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2014, iliyoondoka na tuzo saba za César huko Ufaransa mwaka uliofuata. Inasimulia mji wa Mali ulipokuwa mikononi mwa wenye silaha waliokuja na sheria zao. Wanaokumbuka filamu hii hutaja mateso yaliyomo. Mimi nataka mtazame wakalimani. Wale wenye bunduki hawawezi kutawala bila wakalimani. Wametoka huku na huko, Kiarabu chao hakifanani, wengine wanajikwaa nacho, na mji wenyewe unaongea Kitamasheki, Kibambara, Kifaransa. Kidane, mchunga ng'ombe aliyemwua mvuvi baada ya ng'ombe wake kuuawa, anasimama mbele ya mahakama ambayo lugha yake haijui, na kila neno lake kuhusu binti yake linapita kinywani mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia hakimu. Watu wa Beni hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameipiga wilaya yao, na wengi wanajua maana ya kujieleza mbele ya mwenye bunduki asiyejua lugha yako. Sissako amelionyesha bila kupaza sauti, kwa kuacha kila mtu aseme lugha yake. Ukiwapa wote lugha moja, mkalimani anakuwa mtu wa ajabu anayerudia yaliyokwisha kusemwa, na woga wote wa tukio lile unayeyuka.

Hapa najua nitajibiwa na Parasite. Mtasema: tuliiona Parasite kwa Kifaransa, tulicheka, tulishtuka, hatukupungukiwa na kitu. Ni kweli kwamba filamu ile ya Bong Joon-ho ina mifupa migumu. Palme d'Or mwaka 2019, kisha Februari 2020 Oscar ya filamu bora, mara ya kwanza kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Hadithi ya familia ya chumba cha chini ya ardhi inayojipenyeza mmoja baada ya mwingine katika nyumba ya matajiri inaeleweka hata ukizima sauti. Lakini angalieni kilichobaki nje. Vitenzi vya Kikorea hubadilika mwisho wake kulingana na heshima ambayo msemaji anampa anayesikiliza, na filamu nzima inahusu mstari ambao dereva hapaswi kuuvuka mbele ya bosi wake. Bosi mwenyewe anausifia mstari huo: dereva anaukaribia, anasema, lakini haupiti. Kifaransa kina namna mbili tu za kumwita mtu, na mcheza sauti hodari wa Paris, maana wapo hodari kweli, hawezi kulipa deni lote kwa sarafu mbili. Halafu kuna Kiingereza cha kujitia usomi kinachompendeza yule mama tajiri, hata mtoto wa maskini akaitwa Kevin na dada yake Jessica. Kwetu, ambako Kifaransa cha mtu hupimwa kabla ya akili yake, kichekesho hicho kingetuchoma kuliko kinavyowachoma Wamarekani.

Bong mwenyewe, akipokea tuzo ya Golden Globe Januari 2020, aliwaambia Wamarekani kwamba maandishi ya chini ya picha ni kizuizi cha inchi moja tu, wakikiruka watakutana na filamu nyingi za ajabu. Aliyasema hayo kwa Kikorea, mkalimani akiwa pembeni yake, na mkalimani huyo akapendwa na watu karibu sawa na yeye. Lakini nampinga Bong kidogo. Inchi moja ni ya yule anayesoma haraka lugha aliyozaliwa nayo, mbele ya kitambaa kikubwa, ndani ya ukumbi wenye giza. Kwa mama aliyeishia darasa la nne, anayetazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, maandishi yakiwa ya Kifaransa na yakipita kwa sekunde mbili, kizuizi hicho ni ukuta. Anayesema tu "wajifunze kusoma maandishi" hajafikiri sana kuhusu watu anaowaambia.

Basi hili ndilo jibu la watetezi wa VF, yaani sauti ya Kifaransa kama inavyoandikwa kwenye dekoda: afadhali sauti ya Kifaransa, angalau asiyejua kusoma atasikia. Jibu hili linaonekana la huruma, na ndiyo maana limedumu. Lakini lipimeni kwa hali ya mji huu. Ni nani Butembo anayeelewa Kifaransa cha haraka cha filamu bila kukisoma? Kifaransa huku hatukukinyonya kwa mama. Tulikipata shuleni, ubaoni, daftarini, kwa macho kabla ya masikio. Aliyekipata vya kutosha kuifuata filamu ya saa mbili ndiye yuleyule anayeweza kusoma maandishi ya chini. Na asiyeweza kuyasoma, kwa sehemu kubwa, Kifaransa cha mcheza sauti wa Paris kinampita vilevile, kama mvua juu ya bati. Namtoa kwenye hesabu mwenye macho mabovu, namtoa mzee anayesoma polepole, namtoa anayetazama huku akipika. Hao VF inawafaa, na sitawanyang'anya. Kundi lililobaki ni dogo kuliko tunavyoambiwa. Kwa hiyo sauti ile inamhudumia zaidi mtu aliyekwisha kusoma, inampunguzia kazi, kisha inajisifu kwamba imewasaidia wasiosoma.

Msaada wa kweli kwa asiyesoma tunao Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na wasomi wetu wameudharau. Ni mtafsiri wa filamu, anayekaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu inapokwenda. Dar es Salaam walimjua Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu, ambaye sauti yake juu ya filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani iliuzwa kwa kanda. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo, VJ Junior na wenzao, wanaosimulia kwa Kiganda katika kumbi za video. Mizizi ya kazi hii ni ya zamani. Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walijaribu mradi wa sinema ya kuelimisha vijijini, na maelezo yaliwekwa kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Katika Kongo ya Wabelgiji, ambako sheria iliamua filamu gani Mwafrika aruhusiwe kuiona, mapadri waliozunguka na mashine zao walimweka msimulizi kando ya kitambaa, na mmoja wao, Padri Albert Van Haelst, alitengeneza huko Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili. Wala hatukuwa peke yetu. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, wasimulizi walioitwa benshi walikuwa mashuhuri kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo anayemwita mtafsiri wa sale, yaani ukumbi wa video, mpiga kelele, ajue anaitukana kazi ambayo Wajapani huiheshimu hadi leo.

Mtafsiri ana sifa moja ambayo VF haina: hajifichi. Sauti ya mwigizaji inabaki chini yake. Unamsikia Mkorea akilia kwa Kikorea, kisha unamsikia mtu wetu akikuambia analilia nini. Unajua kuna watu wawili, na ukijua hivyo unaweza kumshuku wa pili. Atatia chumvi, naam. Atampa jambazi wa Hong Kong jina la diwani, atacheka kabla ya utani kufika. Wanaompinga wanasema anadanganya, nami nakubali kwamba huongeza yasiyokuwepo. Lakini uongo unaojitangaza unanisumbua kidogo kuliko ukweli uliopakwa rangi ya Paris hadi usijue kwamba kuna kilichobadilishwa. Lawama yangu kwake ni nyingine: haachi kimya kikae. Filamu za mapigano zimemzoesha kujaza kila sekunde. Mpe Timbuktu, na utatamani kumziba mdomo pale vijana wanapocheza mpira bila mpira kwa sababu mpira umepigwa marufuku, au pale mwanamke anapogeuza kilio cha mijeledi kuwa wimbo. Mtafsiri mzuri wa filamu kama hizi atajulikana kwa mahali aliponyamaza. Sijui kwa nini kazi hiyo isilipwe na isifundishwe kama nyingine.

Na azungumze Kiswahili gani? Swali hili si la mapambo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, na ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika eneo letu hili. Mabango yalikuja kwa Kifaransa, na yaliyokuja kwa Kiswahili yalikuja kwa Kiswahili cha vitabu. Waliokuja kutoka Kinshasa walikuja na Kilingala chao. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha za mawasiliano mashariki ya nchi, likaonyesha kwamba Kiswahili sanifu na Kifaransa viliwaacha watu wengi nyuma, na kwamba walitaka kuelezwa kwa Kiswahili kinachosemwa huku na kwa lugha zao kama Kinande. Ikiwa neno la kuokoa uhai liliweza kukataliwa kwa sababu ya mdomo lililotoka, kwa nini tufikiri kwamba hadithi itapokelewa tu, hata isemwe na nani? Kwa hiyo mtafsiri wa Butembo asimwige Lufufu. Aseme Kiswahili cha hapa, achanganye Kinande panapohitajika, amwachie mwenye cheo Kifaransa chake. Natambua kwamba nayasema haya kwa Kiswahili sanifu cha redio. Hiyo ni kasoro yangu na ya studio yangu, msiirithi.

Tunapozungumzia lugha za kigeni, tuulize pia: ngeni kwa nani? Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Inamfuata Kabwita Kasongo anayekata mti, anachoma makaa, anayapakia kwenye baiskeli hadi yeye mwenyewe haonekani nyuma ya magunia, na kuyasukuma hadi Kolwezi. Anasema Kiswahili cha Katanga. Huko Paris watu waliisoma filamu hii chini ya picha, sisi tungeisikia. Zile kelele za kupatana bei barabarani, ambazo maandishi huzifupisha kwa mistari miwili, sisi tungezipata zote. Kadhalika Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotuzwa Cannes mwaka 2023: Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake Mzungu, amezaliwa na alama mwilini ambayo mama yake aliiona kuwa ya kishetani, anambeba mtoto wa dada yake, damu ya pua inamdondokea mtoto, na familia inamvamia kwa matambiko. Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na Kiingereza vinapishana, na aliyeachwa nje ya kila lugha anaonekana waziwazi. Wenye Oscar, kwa upande wao, Novemba 2019 waliikataa Lionheart ya Genevieve Nnaji, filamu ya kwanza kuletwa na Nigeria katika kundi la filamu za kimataifa, kwa sababu sehemu kubwa yake ni Kiingereza, wakati Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Nigeria. Mwaka huohuo walikuwa wamefuta neno "lugha ya kigeni" kwenye jina la tuzo hiyo na kuiita ya kimataifa. Jina likabadilika, mlango ukabaki palepale. Filamu ya Kongo ikisemwa yote kwa Kifaransa ingepita bila maswali, ingawa Kifaransa nacho kilikuja kwa meli ileile.

Sasa lipo pingamizi zito, na sitaki kulipita mbio. Wapo wanaosema kwamba filamu hizi za tuzo zimetengenezwa kwa ajili ya Wazungu waonee huruma, kwamba Makala ni Mfaransa aliyemtazama maskini akiteseka kwa dakika tisini, na kwamba mtu wa Butembo anayemwona msukuma baiskeli kila asubuhi hahitaji kulipa franka kumwona tena. Sehemu ya kwanza ya lawama hiyo naikubali zaidi ya wapenzi wengi wa sinema. Kuna filamu ambazo zimepigwa picha kwetu na macho yao yakawa kwingine. Virunga ya mwaka 2014, iliyofika hadi kuteuliwa kwa Oscar, imefanya kazi kubwa ya kufichua tamaa ya mafuta ndani ya hifadhi inayofika hadi wilaya ya Beni, na walinzi wake, kama André Bauma na sokwe wake yatima, wanasema wenyewe. Hata hivyo muziki wake unamshika mtazamaji mkono mno, kama vile anahofiwa kwamba bila hivyo hatajua pa kuhuzunika. Kipimo changu ni hiki: filamu inamdhania nani kuwa haelewi? Makala haina sauti ya kueleza. Kabwita haelezi maisha yake kwa mgeni, anajadiliana na mkewe kuhusu mabati. Na ukitaka kuondoa Mfaransa kabisa, nenda kwa Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. En route pour le milliard, iliyoteuliwa Cannes mwaka 2020, inawafuata walemavu wa vita vya siku sita vya Juni 2000, Wanyarwanda na Waganda walipopigana mjini Kisangani, wakisafiri mtoni hadi Kinshasa kudai fidia. Hakuna anayemfafanulia mtu wa nje vita ile. Walemavu wanagombana wao kwa wao juu ya mbinu, pesa na uongozi, na huo ugomvi ndio heshima waliyopewa.

Pingamizi jingine ni fupi na linauma: Beni inazika watu, nawe unatuletea maandishi ya chini ya picha? Sina jibu la kumpa aliyefiwa. Naona tu kwamba sale za video zinajaa hata katika miezi mibaya, na watu watatazama kitu jioni hii, iwe nasema au nanyamaza. Wala sidai kila mtu aache mapigano na tamthilia za Kituruki. Aliyechoka ana haki ya kuona watu wakirushwa madirishani, na mimi pia napenda. Lakini hoja kwamba mtu wa kawaida hataki kazi kichwani haiendani na jinsi anavyoishi. Mtu huyohuyo asubuhi amepatana bei kwa lugha tatu, akamsikiliza mhubiri akitafsiriwa sentensi kwa sentensi, akajua pale mkalimani alipopunguza makali ya neno. Kazi hiyo anaifanya bure kila siku, na anaifanya vizuri. Sinema peke yake ndiyo imeamua kwamba hawezi.

Mambo ya kufanya hayahitaji mfadhili. Kwenye dekoda, filamu nyingi huja na sauti mbili. Tafuteni VO, sauti ya asili, mjaribu walau nusu saa kabla ya kurudi mlikozoea. Mnaponakili filamu kwenye flashi au kadi ya simu, mwambieni kijana wa kibandani awape ile yenye lugha yake na faili la maandishi, ambalo halichukui nafasi yoyote ya maana. Wenye sale wanaohofia kupoteza wateja waanze na Makala, maana haihitaji mtafsiri wala maandishi, na wasukuma baiskeli waingie bila kulipa siku ya kwanza, wao ndio wahakiki wake. Baada yake waweke Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, tuone Kiswahili cha Unguja ya miaka ya hamsini kitapokelewaje na sikio la Beni. Nabashiri kwamba wapo watakaolalamika kuwa kile ndicho cha kigeni kuliko vyote. Simu za studio ziko wazi hadi saa mbili usiku. Anayeona nimewaonea wacheza sauti wa Paris, apige, na akipenda aseme kwa Kinande.